Jino la Mbele Lililokufa Miaka Kumi Iliyopita

Ilikuwa wiki ya tatu ya TP, shule moja ya sekondari wilayani Muleba, kipindi cha kwanza baada ya chai. Somo lilikuwa matamshi. Nikaandika f na v ubaoni, nikawaeleza wanafunzi kwamba hizi ni sauti za midomo-meno: meno ya mbele ya juu yanagusa mdomo wa chini, hewa inapenya kwa shida, sauti inatoka. Nikageuka niwaonyeshe. Jino lilipogusa tu mdomo, nikaruka. Maumivu yalipanda mpaka chini ya jicho. Watoto wakadhani ni sehemu ya somo, wakacheka, na binti mmoja wa dawati la mbele akaigiza na kuruka kwenyewe.

Jioni mdomo wa juu ulikuwa umevimba upande wa kushoto kama nimeumwa na nyuki. Kesho yake niliingia darasani nimevaa barakoa, nikasema nina mafua.

Naandika haya kwa sababu nilikuja kugundua, baada ya kuzunguka sana, kwamba karibu kila nilichokiamini kuhusu jino lililovunjika hakikuwa kweli. Na wenzangu wengi hapa chuoni wanaamini hayohayo. Tangu nirudi kutoka TP nimeonyeshwa meno ya mbele yaliyokatika na watu wanne, bweni letu peke yake. Mmoja alilikata akifungulia soda. Simtaji, anajijua.

Jino langu halikuvunjika kwenye TP. Lilivunjika nikiwa na miaka 12, kwenye mteremko wa Kamachumu, juu ya baiskeli ya mjomba yenye breki moja na mkungu wa ndizi nyuma. Anayeijua barabara ile haitaji maelezo. Nilikula mweleka, mdomo ukafika kwenye usukani kabla yangu, na kona ya jino la mbele la juu ikaondoka. Damu ikakatika, maumivu yakaisha baada ya siku tatu hivi, mama akasema, "Mshukuru Mungu halijang'oka," habari ikaishia hapo. Nikabaki na jino lenye pembe iliyokatwa na jina la utani nililoliacha shule ya msingi.

Baada ya mwaka mmoja au miwili jino likaanza kuwa la kijivu. Nilidhani ni uchafu, nikalisugua kwa mkaa mpaka fizi zikachubuka. Kijivu hakikutoka, maana hakikuwa juu ya jino, kilikuwa ndani.

Hapa inabidi tuingie ndani ya jino kidogo. Tumezoea kuliona kama kijiwe kilichopandwa kwenye ufizi, lakini jino ni kiungo chenye uhai. Juu kuna ganda gumu liitwalo enameli, gumu kuliko mfupa wowote mwilini. Chini yake kuna dentini, ya rangi ya njano kidogo, yenye vijitundu vyembamba mno, maelfu katika kila milimita moja ya mraba, vinavyoelekea ndani. Katikati kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tuiite kiini. Kiini kinashuka mpaka ncha ya mzizi, na damu yake yote inaingilia pale, kwenye tundu ambalo kwa mtu mzima ni dogo kuliko nusu milimita.

Kwa hiyo jino likipigwa, mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza tunaliona: kipande kinavunjika. Kikivunjika kwenye enameli peke yake, si shida kubwa. Dentini ikibaki wazi, vijitundu vile vinakuwa njia ya bakteria, na ndiyo sababu jino linashtuka ukinywa maji ya baridi. Kiini chenyewe kikitokeza, utaona kidoti chekundu katikati ya mvunjiko, hapo mlango uko wazi kabisa. Jambo la pili halionekani: mtikisiko unaweza kukata mishipa pale kwenye tundu la ncha. Jino linaweza kupoteza kona ndogo tu kwa nje huku ndani likiwa limekatiwa damu. Linakufa. Damu iliyovuja ndani inaoza na kulipaka dentini kijivu.

Kinachowapotosha watu, mimi nikiwemo, ni kwamba jino likifa maumivu yanaisha. Mishipa ya fahamu imekufa, nani atapiga kelele? Mtu anasema limepona, kumbe limekuwa nyumba isiyo na mwenyewe. Bakteria wanaingia, wanakula mabaki ya kiini, sumu yao inatokea kwenye ncha ya mzizi na kuchokoza mfupa wa taya. Mwili unapigana nao, usaha unajikusanya, mfupa unaliwa taratibu. Hii inaweza kuchukua miezi, inaweza kuchukua miaka kumi. Yangu ilichukua kumi.

Dalili zilikuwepo. Kila baada ya muda kilitokea kipele juu kidogo ya lile jino, kwenye ufizi. Nikikibinya kinatoa kitu chenye ladha ya chumvi, kinanywea, maisha yanaendelea. Kidato cha tano nilikuwa nakibinya huku najisomea. Sikujua kwamba kile ndicho kilikuwa mfereji wa kutolea usaha, na kwamba ndicho kilichokuwa kikiniepusha na maumivu. Mfereji ulipoziba, usaha ukakosa pa kwenda. Ndiyo siku ya f na v.

Nilichofanya kwanza ni kile tunachofanya wote. Nilikwenda duka la dawa karibu na stendi, nikafungua mdomo mbele ya kaunta, nikapewa amoksisilini na metronidazo pamoja na vidonge vya maumivu. Siku ya tatu uvimbe ukashuka. Siku ya tano nikaacha dawa, nimepona, nikavua barakoa. Baada ya wiki mbili uvimbe ukarudi, safari hii na homa juu.

Daktari aliyeniona baadaye alinieleza kwa swali moja tu: "Dawa ukiimeza inafikaje kwenye jino?" Nikasema kwa damu. Akasema, "Sasa jino lako lina damu?" Nikanyamaza. Antibaiotiki husafiri na damu. Ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayoingia, kwa hiyo dawa inazunguka nje ya mzizi, inapunguza wale bakteria waliotoka kwenda kwenye mfupa na nyama, uvimbe unashuka. Waliomo ndani ya mzizi hata habari hawana. Ukimaliza dozi wanatoka tena. Ndiyo maana kuna watu wanameza dozi ya jino mara nne kwa mwaka na kila mara wanasema safari hii imepona. Dawa zina kazi yake, hasa uvimbe ukisambaa au ukipata homa, lakini hata hapo ni za kusaidia tiba, haziwi tiba yenyewe.

Karafuu ni hivyohivyo. Bibi alinipa niitafune, na kweli ilituliza, kwa sababu mafuta ya karafuu yana kitu kinachotia ganzi kidogo, na madaktari wa meno nao wanakitumia kwenye baadhi ya dawa zao za kuzibia. Lakini inatuliza tu. Ugoro, mkaa, mafuta ya taa na mengine niliyoshauriwa pale kijiweni hata hayo hayafanyi, yanaunguza ufizi basi.

Mama alikuwa na jibu fupi. "Mwanangu, likang'olewe upumzike." Na simlaumu. Kizazi chao, na vijiji vingi mpaka leo, tiba ya jino ni koleo. Kung'oa ni haraka, ni rahisi, zahanati nyingi na vituo vya afya wanaweza, na maumivu yanakwisha kweli. Kwa jino la nyuma lililoharibika sana hata mimi ningekubali bila kufikiri. Lakini hili ni la mbele, na mimi nasomea ualimu wa Kiswahili. Jaribu kutamka "fufua" huku umelifunika jino moja la mbele kwa ndani ya mdomo usikie hewa inavyopotea. Halafu fikiria kusimama mbele ya Kidato cha Pili kila siku kwa miaka thelathini na kitu. Wanafunzi wangenipa jina kabla ya mapumziko ya kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaambiwi kabla ya koleo. Mfupa ulioshikilia jino, jino likitoka, unaanza kusinyaa. Meno ya jirani yanaweza kuegemea kwenye pengo. Ukija kutaka kujaza baadaye, kuna jino la bandia la kuvaa na kuvua, kuna daraja ambalo mara nyingi linadai meno mawili mazima ya jirani yachongwe, na kuna la kupandikizwa kwenye mfupa ambalo bei yake tuiache. Kwa hiyo kung'oa ni rahisi siku ya kung'oa. Gharama inakuja nyuma yake.

Nikapanda haisi kwenda Bukoba, Muleba, Muhutwe, Kemondo, kila tuta la barabarani nalihesabu kwa jino. Kliniki niliyokwenda siitaji, si tangazo hili. Kwanza walipiga eksrei. Daktari alinionyesha kwenye ncha ya mzizi kivuli cheusi cha mviringo, kama punje ya dengu. "Hapo mfupa haupo," akasema. Kisha akasema neno lililonishangaza: "Mwalimu, una bahati, ni la mbele." Meno ya nyuma yana mizizi miwili au mitatu na njia zilizopinda. Jino la mbele la juu karibu kila mara lina mzizi mmoja ulionyooka na njia moja. Yaani jino linaloniuma kulipoteza kuliko yote ndilo rahisi kuliko yote kulitibu mzizi. Hilo ningetamani kuambiwa nikiwa na miaka 12.

Tiba yenyewe haina miujiza. Sindano ya ganzi kwenye ufizi, na hiyo ndiyo iliyouma kuliko yote yaliyofuata. Halafu jino linavalishwa kipande cha mpira mwembamba kilichotobolewa, jino peke yake linachungulia, ili mate yasiingie ndani na vifaa visiangukie kooni. Tundu linatobolewa nyuma ya jino, upande wa ulimi, ambako hakuna atakayeliona. Hapo harufu ilitoka, samahani kwa wanaosoma wakila, na mgandamizo wote wa wiki ile ukashuka mara moja. Nilikaribia kulia kwa raha.

Kisha zinakuja tupa nyembamba kama sindano, zinaingizwa mpaka karibu na ncha ya mzizi na kuzungushwa kukwangua kuta. Urefu unapimwa, kwa eksrei au kwa kifaa, maana ukiishia njiani unaacha uchafu na ukipitiliza unachoma mfupa. Jino la aina yangu huwa na urefu wa milimita 22 au 23 hivi kutoka kichwani mpaka ncha. Kati ya tupa na tupa panasafishwa kwa dawa ambayo kemikali yake ni ileile iliyomo kwenye Jik ya kufulia. Kabla mtu hajaanza kusukutua Jik bwenini: hapana. Pale inatumika ndani ya njia ya jino peke yake, na mtu aliyesomea, ikigusa nyama inaunguza vibaya.

Siku hiyo hawakuziba moja kwa moja kwa sababu usaha ulikuwa bado unatoka. Waliweka dawa nyeupe ya chokaa maalumu inayoua bakteria waliobaki, wakafunika kwa muda, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Hapa ndipo wengi tunapotea. Maumivu yameisha, nauli imeisha, kurudi kwa nini? Lakini kile kifuniko cha muda kinalika, mate yanaingia, na kazi yote inarudi sifuri. Nilikopa nauli kwa mwalimu mwenyeji wangu nikarudi.

Safari ya pili njia ikiwa kavu inajazwa vijiti vyembamba vya rangi ya waridi. Nikauliza ni plastiki? Daktari akasema ni utomvu wa mti wa Asia ya Kusini Mashariki uitwao gatapacha. Nilipofika kwenye intaneti nikakuta utomvu huohuo ndio uliofunika nyaya za telegrafu za chini ya bahari karne ya 19, ikiwemo ile iliyofika Zanzibar mwaka 1879, kwa sababu hauozi na haupitishi maji. Nina kebo ya Sultani mdomoni. Juu yake wakaziba lile tundu, na ile kona iliyovunjika wakaijenga kwa sementi ya rangi ya jino.

Gharama: iliondoka sehemu ya bumu ambayo sikupenda iondoke, na mara kadhaa zaidi ya ile ya kung'oa. Siwezi kukupangia bei ya unakokwenda. Ninachoweza kusema ni kwamba kama una kadi ya bima ya mwanafunzi, ulizia dirishani kabla hujakaa kwenye kiti: tiba ya mzizi imo? Kujenga jino imo? Eksrei imo? Ni maswali matatu, na jibu la moja si jibu la mengine. Kwa wa nyumbani, Muleba tuna hospitali za Rubya na Ndolage, Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na ikishindikana kabisa kuna Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Uliza kwa simu kama tiba ya mzizi inafanyika na siku gani, usisafiri kwa matumaini.

Si kila jino la mbele linaokolewa. Mzizi ukiwa umepasuka kwa urefu, au jino linacheza kama funguo mfukoni, koleo linabaki kuwa jibu la haki. Na kuna mara tiba inafanyika vizuri na kivuli hakiondoki, inabidi ufizi ufunguliwe na ncha ya mzizi ikatwe. Niliambiwa yote hayo kabla sijasaini.

Kwa sisi tutakaokuwa walimu, sehemu hii ndiyo nzito. Watoto wanaanguka shuleni, kwenye viwanja vyetu na kwenye miembe yetu, na mtu mzima wa kwanza kufika ni mwalimu wa zamu. Meno ya mbele ya kudumu yanaota kwenye miaka saba au minane, lakini ncha ya mzizi inachelewa, inafungwa kwenye miaka kumi hivi. Mtoto wa darasa la tatu akivunja jino, mzizi bado uko wazi kama bomba, na kiini kikifa mzizi unaacha kukua, unabaki mfupi wenye kuta nyembamba. Lakini kwa umri huohuo kiini kina damu nyingi na kinapona kirahisi, akifika kwa daktari ndani ya siku moja au mbili kile kidoti chekundu kinaweza kufunikwa na jino likaishi. Kwa hiyo usimwambie "litapona." Tafuta kipande, kiweke kwenye maji au maziwa, andika barua kwa mzazi, mtoto aende.

Likitoka lote na mzizi wake, na ni la kudumu, shika upande wa juu unaoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Lina mchanga? Suuza kidogo tu kwa maji au maziwa, usisugue. Lirudishe kwenye tundu lake palepale, mtoto ang'ate kitambaa. Ukiogopa, litumbukize kwenye maziwa, na Kagera maziwa hayakosekani, kisha panda boda. Nusu saa ya kwanza ina thamani kubwa, baada ya saa moja nafasi inapungua sana. Jino la utoto halirudishwi, unaweza kuharibu la kudumu lililo chini yake. Na kama aliangukia udongo, auliziwe sindano ya pepopunda.

Halafu kuna hali ambayo haisubiri miadi ya daktari wa meno. Uvimbe ukipanda mpaka jicho linafunga, au ukishuka chini ya kidevu na shingo, mtu akashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, hiyo ni hospitali usiku huohuo. Usaha wa jino unaweza kuua mtu mwenye afya. Mimi homa ilipopanda nilikuwa napanga kusubiri mwisho wa mwezi.

Wiki ya saba nilirudia kipindi cha matamshi. Yule binti wa dawati la mbele alinikazia macho kwenye f mpaka nilipoimaliza, naona alikuwa anasubiri niruke. Jino bado la kijivu kwa ndani, daktari anasema linaweza kung'arishwa kutoka ndani au kuvalishwa kofia, na hiyo inasubiri bumu jingine. Eksrei ya kuangalia kama mfupa unajijaza ni baada ya miezi sita, itaangukia likizo. Nitapita Kamachumu kwa mjomba. Baiskeli anayo bado, na bado ina breki moja.